Nakala ya Thelathini na Saba

Wameagiza arobaini,
za kutundika kwenye vyumba vya kupimia wajawazito,
karatasi nzito ya pamba, siyo ile ya kalenda,
na nusu wameshalipa.

Nimeipanga kichwa chini,
kwa hiyo mashine humtoa akitanguliza miguu:
vidole vyenye vumbi, magoti,
kisha shuka ambayo si shuka, ni uwele uliokomaa,
masuke yamejifunga kiunoni,
kisha tumbo.

Hapo mashine hupunguza mwendo.
Tumbo linakula wino.
Wekundu wote unaishia pale, kwenye duara moja
ambalo Damari Lungwa alilipaka miezi saba
kwa udongo wa Mvumi aliouchekecha kwa khanga kuukuu.
Katikati ya duara akaacha kisima cheusi,
na ndani ya kisima, ukisogea, taa.
Au jicho. Wateja hubishana.

Nyuma ya bega lake la kushoto
wamesimama wanawake watatu.
Mmoja ana ungo mtupu.
Mmoja amepakata fuvu la ndama, amelikinga kisogo kwa kiganja.
Wa mwisho amefumba macho, kinywa wazi,
anapiga vigelegele au analia,
picha haina sauti, chagua mwenyewe.

Muuguzi Perusi alikuja kuiona ya kwanza.
"Nzuri," akasema. "Ila hawa wakate.
Mtu anakuja kupima presha,
akutane na fuvu?"
Sikumbishia.
Nikachukua rula ya chuma na wembe.

Sasa nina boksi la viatu chini ya meza,
vipande thelathini na sita,
wanawake mia moja na nane.
Nikipita na ufagio nasikia kama wananiitikia.

Picha yenyewe haipo.
Ilifungwa kwa mablanketi, ikapanda ndege,
Damari akaezeka bati, akanunua ng'ombe wanne.
Kilichobaki ni faili, kwenye flashi
ninayoivaa shingoni pamoja na ufunguo wa duka.
Barabara ya Tano yote inajua: mwizi akinikaba,
asichukue hiyo, achukue simu.

Leo saa nane umeme ukakatika.
Karatasi ikasimama katikati ya mashine:
miguu, magoti, uwele,
ukingo wa tumbo kama mwezi wa siku tatu,
halafu nyeupe.
Nakala ya namna hiyo haiuzwi.
Wala huitupi mbele ya watu.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, mimi nilikuwa na wiki kumi na tisa.
Kule Kizota mama mkwe alinikandia maji ya moto,
akasema kwa upole, kwa kweli ni kwa upole,
"Hakikuwa kitu bado."
Sikumbishia.
Watu husema mtoto ni kopi ya baba yake,
wanaangalia pua, wanaangalia masikio.
Wangu alikuwa kopi ya nani?
Nani alibaki na flashi?

Umeme ukarudi na kelele zake za mabomba na redio.
Nikaanza upya ya thelathini na saba.
Miguu. Magoti. Uwele. Tumbo, polepole.
Kisha wale watatu wakatokea,
mmoja baada ya mwingine, kuanzia nyayo.
Wembe ulikuwa pale pale, juu ya rula.
Sikuushika.

Jioni Perusi amekuja na kijana wa bajaji.
Anazihesabu mwenyewe, amelowesha kidole gumba,
thelathini na tano, thelathini na sita.
Kidole kinasimama.
Nje upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.
Anaangalia lile fuvu. Anaangalia kiganja kilicholikinga.
"Hapa ulisahau kukata?"
"Hapana."

Ananitazama kidogo, si usoni,
kwenye kamba ya shingo.
Kisha analowesha kidole tena.
"Thelathini na nane," anasema.